Kitabu cha Theluji Alichotusomea Bibi

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati, Dubai, London, Mombasa na kwengineko, pamoja nanyi wasomaji ambao hatuna nasaba moja lakini tuna safari moja:

Aghalabu nikikuandikieni huwa nazungumzia majina na makaburi: nani alimzaa nani, nani alizikwa wapi, na jahazi gani lilimleta nani. Leo nataka kuzungumza juu ya vitabu viwili. Kimoja nimekimaliza majira haya ya baridi, nikimsomea mama yangu jioni za Jumapili. Cha pili nilikijua kabla sijajua kusoma, nacho ni kitabu cha picha cha watoto. Sikuwahi kufikiri kwamba vitabu hivyo vina udugu. Mama ndiye aliyenionesha, na aliyonieleza siku ile yalinikosesha usingizi hata nikaona sina budi kuyaandika.

Tulifika Toronto mwaka 1981, tukitokea Mombasa, mimi nikiwa na umri wa miaka mitano. Tulipata nyumba Regent Park, mtaa uliojengwa na serikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko mitaa yote ya aina hiyo nchini Kanada. Majengo yalikuwa ya matofali mekundu, yamefanana kama mapacha, yakitazamana juu ya nyasi badala ya kutazama barabara. Bibi yangu, mama mzaa mama, aliyezaliwa Pangani, akaolewa Unguja, akahama tena baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, alisimama dirishani siku ya kwanza akauliza: "Na baraza ziko wapi?" Hakupata kulizoea jambo hilo, kwamba watu wanaweza kuishi mamia kwa mamia bila ya pahala pa kukaa wakatazama wapitao.

Baraza yake akaipata maktaba. Tawi la Parliament Street liko pale pale barabara ya Parliament inapokutana na Gerrard, mwendo mfupi kutoka kwetu. Mama alikuwa akifanya kazi ya usafi usiku na kulala mchana, kwa hiyo Bibi ndiye aliyetupeleka, mimi na kaka yangu, buibui lake likichungulia chini ya koti zito la kiume. Ndani kulikuwa na joto na viti, na hakuna aliyetuuliza tumefuata nini. Alituacha tuchague vitabu, kisha akakaa katika kiti kidogo cha watoto, magoti yakimfika kifuani, akakifungua kitabu na kusema: "Paukwa!" Nasi tukaitikia kwa sauti iliyowageuza watu shingo: "Pakawa!"

Bibi alikuwa msomi kwa kipimo cha zama zake. Alihitimu chuoni, alisoma msahafu bila ya kukwama, na barua zake kwa dada yake aliyebaki Unguja aliziandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mistari iliyonyooka kama iliyopigwa rula. Lakini herufi za Kizungu hakuzijua hata moja. Sisi hatukulijua hilo. Tulimwona anafungua kitabu, anapitisha kidole chini ya mistari, kutoka kulia kwenda kushoto, na hadithi inatoka. Ilitutosha.

Hadithi za Abunuwasi hazikuhitaji kitabu. Alikuwa nazo kichwani zote, pamoja na ile ya sufuria iliyozaa, kisha ikafa, na jirani mwenye tamaa akakosa la kusema kwa kuwa aliyekubali uzazi hawezi kukataa mauti. Vitabu vya picha vilikuwa kwa ajili ya hadithi mpya. Siku moja msimamizi wa maktaba, mwanamke mpole aliyekwisha kutuzoea, alituletea kwa furaha kitabu kiitwacho Jambo Means Hello, cha Muriel Feelings, chenye picha za mumewe Tom Feelings. Kilitoka mwaka 1974, nacho kinafundisha herufi kwa maneno ya Kiswahili, neno moja kwa kila herufi, maneno 24, kwa kuwa Q na X hatuna kazi nazo. Yule mwanamke akatusomea jina la kitabu kwa sauti. Bibi akasikiliza, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Jambo gani?" akauliza. "Anasalimia au anashitaki?" Hata hivyo alikichukua, na picha zake akazitazama kwa muda mrefu, ukurasa mmoja baada ya mwengine. Aliporudisha alisema kwamba aliyechora ana mkono wa mtu anayewapenda watu.

Lakini kitabu chetu, kile tulichokiazima na kukirudisha na kukiazima tena kila mwaka theluji ilipoanza, kilikuwa The Snowy Day cha Ezra Jack Keats. Wengi wenu mnakifahamu, maana watoto wenu wamekisoma shuleni. Kilichapishwa mwaka 1962 na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Caldecott. Mtoto mweusi mdogo, amevaa nguo nyekundu ya baridi yenye kofia iliyochongoka, anatoka nje peke yake katika mji uliofunikwa na theluji. Anatazama nyayo zake. Anaburura kijiti. Anatamani kucheza na wavulana wakubwa wanaorushiana madonge ya theluji, lakini yeye bado mdogo. Anatia donge moja mfukoni aliweke kwa ajili ya kesho. Akifika nyumbani, mama yake anamvua soksi zilizolowa, na baadaye yeye anatia mkono mfukoni, asikute kitu.

Hicho ndicho kilichoandikwa. Alichotusomea Bibi kilikuwa hiki.

Hapo kale palikuwa na mtoto akiitwa Kofia Nyekundu. Aliletwa kutoka mbali, akawekwa katika nyumba ya watu, na nje ya nyumba hiyo ardhi yote ilikuwa sukari. Kila asubuhi alitoka kuitafuta njia ya kwao. Alitazama nyayo zake asije akazunguka pale pale. Aliburura kijiti ili aache alama. Watoto wenyeji walicheza, naye walimkatalia. Basi siku moja akachukua donge la sukari, akalitia mfukoni ampelekee mama yake. Mvua ikanyesha, sukari ikayeyuka, mfuko ukawa mtupu. Yule mama anayemvua soksi, alisema Bibi, si mama yake. Ni mwenye nyumba. Na katika ukurasa wa mwisho, ambapo mtoto anatoka pamoja na mwenziwe wakiingia katika theluji nyingi, Bibi alishusha sauti: "Amepata mwenziwe wa njia. Wanakwenda kwao." Kisha alikifunga kitabu na kukaa kimya kitambo, nasi tukajua kwamba siku ile hapana hadithi nyengine.

Nilikuwa na miaka saba mwalimu alipotusomea kitabu hicho hicho darasani. Aliposema mtoto anaitwa Peter, niliinua mkono nikamwambia amekosea, na kwamba ile si theluji bali ni sukari. Darasa zima lilicheka. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamkabili Bibi na kitabu mkononi. Hakubabaika. "Mwalimu wako anasoma maandishi," alisema. "Mimi nasoma picha." Nilidhani nimepewa jibu, na kwa miaka arubaini nimekuwa nikiisimulia habari hiyo harusini na matangani kama kichekesho cha ukoo: Bibi yetu hodari, aliyesoma kitabu cha Kiingereza bila ya kujua A.

Sasa nije kwenye kitabu cha pili.

Majengo mekundu ya Regent Park hayapo tena. Kuanzia mwaka 2005 yamebomolewa awamu kwa awamu, na waliokuwa wakiishi humo wakaahidiwa haki ya kurudi. Mama alihamishwa, akakaa mtaa wa mbali kwa miaka, kisha akarudi katika jengo jipya refu lenye vioo, karibu na lilipokuwa lile la zamani. Bibi hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1998. Macho ya Mama yamedhoofika kwa mtoto wa jicho, kwa hiyo Jumapili huenda kumsomea. Majira haya tulisoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ni ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Mfasiri huyo ndiye aliyetupa pia Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, mwaka 2015. Nilifurahi kwamba mkono ule ule uliomsemesha sungura Kiswahili ndio uliomrejesha Gurnah katika lugha ya kwao.

Kwa wasioisoma: Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara tajiri ambaye yeye humwita ami Aziz huja nyumbani kwao mara kwa mara, na kila akiondoka humpa sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa afuatane naye kwenda pwani. Anadhani anakwenda kutembea. Dukani anamkuta Khalil, kijana mwengine, ambaye ndiye anayemweleza kwamba Aziz si ami yake. Baba yake ana deni, na yeye Yusuf ndiye rehani.

Nilipofika hapo Mama aliweka kikombe chini. Nilidhani amechoka.

"Kama Kofia Nyekundu," akasema.

Nilicheka, nikifikiri ameikumbuka ile hadithi ya maktaba. Yeye hakucheka. Akaniambia: "Mwanangu, Kofia Nyekundu hakutoka kitabuni. Alikuwa mtoto wa dukani kwa babu yangu, Pangani. Mama alinieleza alipokuwa kitandani, mwaka ule aliofariki, na akaniomba nisiwaambie wajukuu mpaka wawe watu wazima. Nawe umeshakuwa mtu mzima zamani. Mimi tu sikupata pa kuanzia."

Nitaandika aliyonieleza kama nilivyoyapokea, bila ya kuongeza.

Babu wa Mama alikuwa na duka Pangani mjini, miaka ya 1930. Aliuza nguo, mafuta, chumvi na sukari guru. Bonde la mto Pangani lilijulikana tangu karne ya 19 kwa mashamba ya miwa na sukari hiyo, na mapande yake meusi yalikaa dukani katika makanda. Kulikuwa na mtu wa bara aliyechukua bidhaa kwa mkopo, akashindwa kulipa, akamleta mwanawe akae dukani mpaka deni liishe. Mtoto alikuwa na miaka kumi hivi. Alivishwa kanzu na tarbushi nyekundu, akalala barazani mbele ya mlango wa duka, na watu wakamwita kwa kofia yake. Jina alilopewa na wazazi wake hapana aliyelishika.

Bibi alikuwa na miaka saba. Wakicheza pamoja pale barazani, yeye na yule mtoto, mchana watu walipolala. Siku moja akamwona anakata kipande cha sukari guru na kukitia mfukoni. Akamuuliza ni cha nini. Akamjibu kwamba kuna mtu wa kwao yuko mjini, na keshokutwa atarudi. Anataka kumpelekea mama yake. Bibi akaenda kumwambia baba yake. Mama anasema hakuwa na ubaya. Alikuwa mtoto aliyejua jambo, akataka asifiwe kwa kulijua.

Mvua ilikuwa inanyesha. Walipomkamata ua wa nyuma alikuwa amelowa, na sukari imekwisha kuyeyuka, imeacha doa la kahawia ubavuni mwa kanzu. Baba yake Bibi, ambaye sote tumelelewa tukimjua kuwa mcha Mungu na mkarimu, alimpiga kwa bakora mbele ya watu wa nyumbani. Siku chache baadaye, alfajiri, baraza ilikutwa tupu. Tarbushi ilikuwa imewekwa juu ya mkeka. Hapana aliyejua kama alifika kwao.

Basi nilikaa pale, kitabu mapajani, nikiitazama theluji dirishani mwa Mama, na hadithi yote ya utoto wangu ikajipanga upya. Sukari. Mfuko mtupu. Mwenye nyumba asiyekuwa mama. Na yule mwenziwe wa njia katika ukurasa wa mwisho, ambaye Bibi alimpa kila mwaka mbele yetu, ilhali Pangani aliondoka peke yake.

Nilimpigia simu mjomba wangu Maskati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema: "Haya yaache, binti yangu. Zama zile ndivyo zilivyokuwa. Ukiyaandika, wasiotupenda watapata la kusema, na babu hayupo kujitetea." Nampenda mjomba, na ninajua anachokiogopa. Familia zetu zimeshawahi kuhukumiwa kwa jumla, mtu na mtoto wake, kwa makosa ya watu na kwa rangi ya ngozi, na waliolipa mwaka 1964 hawakuwa wenye makosa peke yao. Ninamheshimu anayetaka kulinda kilichobaki.

Lakini neno "zama" sikuweza kulimeza. Unguja utumwa ulikwisha kuondolewa kisheria mwaka 1897. Tanganyika, sheria ya Waingereza iliupiga marufuku mwaka 1922, zaidi ya miaka kumi kabla ya mtoto yule kulazwa barazani. Katika nyumba yetu hapana aliyemwita mtumwa. Aliitwa mtoto wa dukani, na neno hilo laini ndilo lililotuwezesha kumla na kumsahau. Gurnah ameandika juu ya miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nami nilikuwa nasoma kama mtu anayetazama habari za kale za watu wengine. Kumbe nilikuwa nasoma habari za nyumbani kwetu, katika ujana wa watu niliowabusu mikono.

Nimejiuliza pia kwa nini Bibi hakunieleza mimi. Nadhani alinieleza, kila majira ya baridi, kwa namna aliyoiweza. Mtu anayemsomea mtoto wa miaka mitano hawezi kusema: mimi ndiye niliyekwenda kumsemea. Aliweza kusema kwamba mvua ilinyesha na sukari ikayeyuka, na yeye mwenyewe akajiondoa hadithini. Sehemu hiyo aliiacha kwa Mama, na Mama ameniachia mimi.

Hivi karibuni nilisoma habari za Ezra Jack Keats mwenyewe. Alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Poland, aliyekulia Brooklyn. Mwaka 1940 alikata katika jarida la Life picha za mtoto mmoja mweusi, akazibandika ukutani, na kwa zaidi ya miaka ishirini akawa anazitazama, mpaka alipomtia mtoto yule kitabuni. Nilipoyasoma hayo nilisimama, nikazunguka sebuleni. Bibi hakuwa na picha ya kubandika. Alipoona mtoto wa Keats, mweusi, peke yake, na kofia nyekundu kichwani, katika maktaba ya nchi ya ugenini, miaka hamsini baada ya Pangani, sijui moyo wake ulifanya nini. Najua tu kwamba alikifungua kitabu na kusema "Paukwa".

Mama amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti moja, kwamba nisimtaje babu yake kwa jina. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya kumsitiri. Alifikiri kidogo. "Yule mtoto hatuna jina lake," alisema. "Si haki mmoja awe nalo na mwengine asiwe nalo." Nimelishika sharti, na ndiyo maana safari hii hamkukuta majina kama mlivyozoea.

Jumamosi iliyopita nilimchukua binti yangu, ana miaka tisa, tukaenda tawi lile lile la Parliament Street, naye akakitoa The Snowy Day rafuni. Ameshavuka umri wa vitabu vya picha, lakini alikubali kwa ajili yangu. Alinisomea Kiingereza chake, safi, mpaka mwisho. Kisha nikamwomba anipe kitabu nami nikamsomea cha Bibi, kwa Kiswahili, mwenye nyumba na kijiti na donge la sukari. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilisita. Sikumwambia kwamba amepata mwenziwe wa njia. Nilimwambia kwamba alikuwepo msichana wa miaka saba katika nyumba ile, na kwamba yeye ndiye aliyeitunza hadithi.

Akaniuliza: "Na jina lake la kweli nani, huyo mtoto?"

Nikamwambia hatulijui. Akataka kujua kama tumewahi kuuliza.

Basi nauliza. Wale kati yenu wenye wazee wa Pangani, Muheza au Korogwe, au mliooleana na watu wa huko bara, waulizeni iwapo katika ukoo wao yupo babu aliyewahi kukaa dukani pwani utotoni kwa deni la baba yake, miaka ya 1930, akarudi kwao kwa miguu. Huenda alisimulia mwenyewe, kwa namna yake. Huenda katika hadithi yake yumo mtoto wa kike aliyesema. Mkipata lolote, hata neno moja, nipeni, nami nitalipeleka kwa Mama Jumapili.